Lakini Niliyoimeza

Nilikuwa mtu wa redio katika yadi ya maji hapa Garissa, miaka ile ya vita ambavyo serikali iliviita vya shifta na sisi tuliviita majina mengine, kutegemea nani yuko karibu anasikiliza. Watu wakisikia "mtu wa redio" wanadhani nilisoma. Sikusoma. Nilikaa dugsi kwa mwalimu wa Kurani mpaka ubao wangu ukapasuka, kisha nikaingia shule ya serikali madarasa mawili na nusu, na ile nusu mwalimu alikuwa mgonjwa. Kiswahili nilikiokota kwenye lori, nilipokuwa utingo wa kupeleka mbuzi kutoka Griftu hadi soko la hapa. Dereva alikuwa mtu wa Lamu aliyependa kusema, safari ilikuwa ndefu, nami sikuwa na pa kukimbilia.

Yadi ya maji walitaka mtu anayejua Kisomali na Kiswahili, anayesoma tarakimu, na asiyekunywa pombe. Wasiokunywa tulikuwa karibu mji mzima. Wa tarakimu tulikuwa watatu, na wawili walikuwa na duka. Nikachukuliwa mimi. Nikapelekwa Nairobi wiki nne kufundishwa redio. Enzi hizo mtu akienda Nairobi tulisema amekwenda Kenya, na wazee wengine wanasema hivyo hata leo, bila ubaya wowote.

Mwalimu wetu huko alikuwa mzungu aliyetoka jeshini, masikio yake yote mawili yameharibiwa na mizinga, na ndiye aliyewekwa kutufundisha kusikia. Alipiga kelele kutwa. Kitu alichokipigia kelele zaidi ni maneno mawili ya redio, roja na wilko. Roja maana yake nimekusikia. Wilko maana yake nimekusikia na nitafanya. "Ukichanganya hayo mawili," alikuwa akisema, "utaua mtu." Tulikuwa tunamwigiza bwenini, mmoja anasema roja, mwingine anajifanya kufa. Mtihani nilipita.

Sasa kazi yenyewe. Tulikuwa na visima sita vya mashine, vimetawanyika upande wa mpaka. Kila kisima kina injini ya dizeli, pampu, tangi la bati, mahori ya kunyweshea mifugo, na mtu mmoja wa kuiendesha hiyo mashine. Kabla ya vita mkubwa wa yadi alipanda Land Rover akaenda kuona kwa macho yake. Vita vilipoingia, barabarani kukafukiwa mabomu, magari hayatoki ila kwa msafara wenye askari, na msafara unatoka ukipenda. Basi ukubwa wote ukahamia kwenye redio. Kila asubuhi saa nne mwendesha mashine anakwenda kituo cha polisi kilicho karibu na kisima chake, askari anampa kipaza sauti, nami niko huku yadini kwenye chumba cha mabati. Mkubwa anasimama nyuma ya kiti changu na kitabu cha kazi mkononi. Anasema Kiswahili, natia Kisomali. Wa kule anasema Kisomali, natia Kiswahili. Kila kisima kilikuwa na dakika chache tu, kwa sababu ya betri.

Mkubwa alikuwa fundi kutoka bara, mtu wa nchi ya baridi, aliyepandishwa cheo mzungu alipoondoka. Alikuwa mtu mzuri, na naomba hilo lishikwe kabla sijamsema. Hakututukana, hakupiga mtu, na injini aliijua kwa kuisikiliza tu, akiwa ameegemea ukuta. Ila ulimi wake ulikuwa cherehani. Na alikuwa na neno na Kiswahili changu.

"Ni pampu," aliniambia siku ya kwanza. "Pa. Pampu."

"Bampu," nikasema.

"Pa!"

"Ba!"

"Mungu wangu. Sasa na baba yako unamwitaje, papa?"

"Baba ni aabe. Huyo ana b yake ya halali."

Alicheka mpaka akakaa. Tangu hapo tukapatana.

Amri zake alikuwa akizitoa zote kwa pumzi moja. "Mwambie asafishe chujio, akaze mkanda, apime dizeli kwa kijiti, abadilishe oili injini ikiwa baridi, na awakataze wanawake kuanika nguo kwenye uzio. Sawa?" Mimi nazigawa, naziweka kwa Kisomali moja moja, na kutoka kule nasikia: haye. Haye. Haye. Haye. Haye.

Neno lenyewe ndilo hilo. Kwetu mtu akikupa habari hunyamazi. Ukinyamaza atadhani umelala au umemkasirikia. Kila akivuta pumzi unamwambia haye, yaani nakusikia, endelea. Hujakubali kitu. Mtu anaweza kukueleza kwamba nyumba yako imeungua nawe ukasema haye, haye, mpaka amalize, kisha ndipo unapiga yowe. Akimaliza, zamu inageuka. Sasa yeye anasema haye, nawe unatoa yako. Hakuna kumkatiza mwenzako katikati. Hata watu wawili wanaokutana njiani, kila mmoja na ngamia wake wanavuta kamba, watafanya hivyo.

Mkubwa wangu yeye anasikia redio inakoroma, na ndani ya mkoromo anasikia "haya". Kiswahili safi. Haya maana yake sawa, nimekubali, nitafanya. Anapiga tiki kitabuni.

Tofauti niliijua tangu wiki ya kwanza. Mtu ataniuliza, mbona hukusema? Sikusema kwa sababu mambo yalikuwa yakienda. Mkubwa ameridhika na tiki zake, wa kule wameridhika kwamba wamesikiliza kwa adabu, na mfasiri hana raha kubwa kuliko pande zote mbili kuridhika. Mara nyingi kazi ilifanyika kweli. Isipofanyika, mkubwa anasema watu hawa ni wavivu, na wao kule wanasema mkubwa huyu hasikii, na mimi katikati nakunywa chai.

Mjukuu wangu wa kike ndiye aliyenitonesha jambo hili, nami nilikuwa nimelilaza. Yuko Nairobi kwenye kampuni ya kutengeneza programu za simu, na juzi wamemfanya mkubwa wa watu tisa. Alikuja Idi amekonda. Anasema kila asubuhi wanakutana wakiwa wamesimama, eti wakikaa watakawia, na wengine wako nchi za mbali wanaonekana kwenye kioo cha kompyuta. Anawaambia ya leo ni haya na haya. Wote sawa, sawa. Mwingine anatuma picha ya kidole gumba. Ijumaa ikifika kitu hakijaguswa.

"Zamu yao ya kusema ni lini?" nikamuuliza.

"Awoowe, mimi nawauliza kila siku kama kuna swali." Awoowe ndiyo babu. "Wananyamaza."

"Unawauliza ukiwa umekaa au umeshika mlango?"

Akacheka, akaniambia nimeze dawa yangu. Basi nikamsimulia haya, akasema niandike. Naandika, yeye ananinyooshea.

Kisima cha habari hii kilikuwa upande wa Liboi. Mwendesha mashine wake alikuwa mtu mzima, mwembamba, ndevu amezitia hina, aliyefundishwa injini zamani na Mtaliano mmoja ng'ambo ya mpaka. Kiswahili alijua "jambo" na "maji hakuna". Nilimwita adeer, yaani baba mdogo, kwa heshima, naye aliniita adeer vilevile, maana kwetu mkubwa humrudishia mdogo jina lile lile. Nilikuwa sijamwona kwa macho. Nilimjua kwa sauti, na kwa kikohozi chake kabla ya kusema.

Mwaka ule serikali ilikusanya watu. Waliokuwa wakihama na mifugo yao waliletwa wakae mahali pamoja, ndani ya uzio, kituo cha polisi pembeni, wasiwape shifta chakula. Kisima cha adeer kiliongezewa watu hivyo, wengi kupita kiasi, na mifugo iliyobaki. Injini iliyokuwa ikifanya kazi asubuhi tu ikawa inanguruma kutwa. Injini ya namna hiyo inachafua oili haraka, na oili ikichakaa chuma kinasagana na chuma. Hata mimi nisiye fundi nilijua.

Mkubwa alijua zaidi yangu. Akatuma debe la oili mpya kwa msafara. Siku msafara ulipofika kule, akamwamuru adeer kwa redio abadilishe, pamoja na mambo yake mengine manne. Haye, haye. Tiki. Wakati ukaisha, nikafunga. Wiki iliyofuata akarudia. Haye, haye.

Ile mara ya pili ndiyo kosa langu. Siku hiyo mke wangu alikuwa amejifungua wiki moja nyuma, nyumbani kumechinjwa, na mkubwa alikuwa ameniruhusu nitoke mapema nikimaliza visima vyote. Kisima cha adeer kilikuwa cha tano. Nikamgawia amri. Akasema haye ya mwisho, akakohoa, kisha nikasikia: "Haye, laakiin, adeer..."

Laakiin ni lakini. Neno moja, wote tulilipata kwa Waarabu. Mkubwa angeweza kulisikia mwenyewe, lakini alikuwa amekwisha kufunua ukurasa wa kisima cha sita.

"Amesema nini?" akauliza, macho kitabuni.

"Amesema haya."

"Vizuri. Twende."

Nikafunga redio ya adeer akiwa bado ana neno mdomoni. Nilijiambia nitamsikiliza kesho yake. Kesho yake redio ya kituo kile ilikuwa na mambo ya kijeshi, hatukupewa nafasi, na keshokutwa vilevile. Kisha nikasahau. Sikuficha kwa nia yoyote. Nilisahau tu, kama mtu anavyosahau kununua chumvi.

Siku ya tisa askari wa kituo aliita kwa Kiswahili, bila kumngoja mtu. "Mashine ya maji imenoki. Haizunguki kabisa. Watu wanapiga kelele hapa." Mkubwa alifumba macho. Kunoki, kwa mafundi, ni chuma kimeng'ang'ania chuma ndani. Alifungua kitabu akatazama penye oili. Tiki, na tiki.

Kuanzia siku hiyo watu wa kule wakawa wanategemea boza la serikali, lori lenye tangi la maji, siku moja linakuja, siku mbili halipo. Na adeer akaletwa Garissa nyuma ya lori, mikono imefungwa kamba.

Afisa mmoja wa usalama ndiye aliyeishika kesi. Kijana bado, amenyoa vizuri, hasemi kwa sauti. Alikuja yadini asubuhi, akakaa kwenye kiti cha mkubwa bila kukaribishwa, akaeleza. "Mtu ameambiwa mara mbili. Amekubali mara mbili, imeandikwa hapa. Hakufanya. Kisima kimekufa, na kisima kikifa watu wanatoroka kijijini wanarudi msituni. Nani anafaidika? Shifta. Mimi sioni uvivu hapa. Naona hujuma." Akasema jioni kuna lori linashuka na wafungwa kwenda kizuizini, mbali, na mzee huyo atakuwemo. Alikuja tu kuchukua maelezo yake, karatasi itimie.

Waliokwenda huko tuliwajua. Wengine walirudi baada ya miaka, wengine jina lao halikutajwa tena.

Nikaitwa kutafsiri, kwa sababu hakukuwa na mwingine. Ndipo nikamwona adeer kwa mara ya kwanza, amekaa kwenye benchi, miguu ina vumbi la njia nzima. Alinitambua nilipomsalimu tu. "Kumbe ni wewe," akasema. "Nilidhani una tumbo." Sauti yangu, nadhani, ilikuwa nene kwenye redio.

Afisa akaanza, kipande kipande, nami natafsiri.

"Uliambiwa kwa redio ubadilishe oili ya injini."

"Haye," akasema adeer.

Kalamu ya afisa ikashuka kwenye karatasi. "Ukaambiwa tena mara ya pili."

"Haye."

"Hukubadilisha. Ulifanya makusudi, kwa kupatana na watu wa msituni."

Hilo nililitafsiri taratibu kadiri nilivyoweza, nikimtazama machoni. Haikusaidia. Alikuwa mtu aliyelelewa vizuri. Aliinamisha kichwa kidogo, akingoja mwenziwe amalize habari yake, akasema: "Haye."

"Basi," akasema afisa. "Amekiri. Mmesikia wote. Haya, haya na haya."

Akaanza kuandika.

"Hajakiri, afande," nikasema.

"Nini?"

"Hajakubali kitu. Amesema anakusikia. Anangoja umalize ndipo aseme yake."

"Mimi nina masikio. Amesema haya."

"Amesema haye."

"Unanifundisha Kiswahili? Wewe unayesema bolisi?"

"Si Kiswahili, afande. Ndiyo shida yenyewe."

Akaiweka kalamu chini. Akaniambia, kwa sauti ile ile ya chini, kwamba mfasiri akianza kumtetea mshukiwa, yeye anajiuliza mfasiri ni wa nani, na kwamba nafasi kwenye lori haikuwa moja. Nilikuwa na mtoto mchanga nyumbani. Niliangalia sakafu, na nasema kweli, kama mkubwa asingeingia kati pale, sijui kama ningeendelea.

Mkubwa alikuwa amesimama dirishani na kitabu chake. Alikuwa anafunua kurasa nyuma, nyuma zaidi, visima vyote, na uso wake ulikuwa kama anaposikia mlio mbaya ndani ya injini aliyoifunga mwenyewe.

"Afande," akasema, "nipe dakika moja nimwambie mzee huyu kitu." Bila kungoja jibu akanigeukia. "Tafsiri kama ilivyo, usipunguze. Mwambie jana nilimwona ngamia anaendesha Land Rover kutoka Liboi."

Nikamtazama.

"Tafsiri!"

Nikamwambia adeer. "Haye," akasema.

"Amevaa kofia ya polisi."

"Haye."

"Akasimama hapa langoni, akashusha kioo, akaniomba moto wa sigara."

"Haye," akasema adeer.

"Nikampa. Akasema asante, akaenda zake sokoni kununua mbuzi. Mwisho."

Adeer akaniinamia, akanong'ona kwa upole mkubwa.

"Anasemaje?" mkubwa akauliza.

"Anauliza kama mkubwa ana malaria. Anasema usiachwe peke yako."

Askari aliyekuwa mlangoni alicheka kwa pua, akajifanya anakohoa. Mkubwa hakucheka. Alikigeuza kitabu kimwelekee afisa. "Kwa kitabu changu hapo ningepiga tiki tatu. Afande, mimi nimeandika tiki za namna hii mwaka mzima." Kisha akaniambia, "Muulize habari yake ni ipi. Mwambie hakuna atakayemkatiza."

Adeer alikohoa, akaanza. Akaanza mbali, kama inavyotakiwa: mvua ilivyokatika, mbuzi wake kumi na mmoja, mke wake na goti lake. Afisa alitaka kusema, mkubwa akamwinulia mkono. Na kila adeer akivuta pumzi, mkubwa akawa anasema "haye", kwa lafudhi mbovu kabisa, lakini anasema. Adeer akachangamka. Akafika kwenye oili.

Debe lilifika mpaka lango la kituo, akasema. Pale langoni palikuwa na lori limekufa, oili yote imemwagika njiani. Wenye lori walikuwa na haraka na walikuwa na bunduki. Walilichukua debe, wakamwambia mzee, debe lingine litakuja. Basi yeye akatoa oili kuukuu kwenye injini, akaichuja kwa kilemba chake, akairudisha. Akaendesha mashine polepole ili isichemke. Kila asubuhi akaenda kituoni kwa redio.

"Mbona hakusema?" akauliza afisa.

Nikamuuliza. Adeer akanijibu, akininyooshea kidevu.

Katika chumba kile hakukuwa na mwingine anayejua Kisomali. Askari wa mlangoni alikuwa mtu wa bara, afisa wa bara, mkubwa wa bara. Ningeweza kusema chochote. Ningeweza kusema: anasema redio ilikuwa mbovu. Kila mtu angeamini, redio ilikuwa mbovu kweli siku nyingi. Nilifikiri hivyo, sitadanganya, na nilifikiri kwa muda mrefu hata mkubwa akaniuliza, "Vipi?"

"Anasema alisema," nikamjibu. "Mara ya kwanza alikuwa anangoja zamu yake, wakati ukaisha. Mara ya pili alisema lakini. Aliniambia mimi. Mimi nikakwambia amesema haya, nikafunga."

"Kwa nini?" akauliza afisa.

"Nyumbani kulikuwa na karamu ya mtoto, afande. Nilitaka kwenda kula."

Afisa alinitazama sana, akaangalia kitabu cha tiki. Halafu akavuta hewa kwa meno.

"Shifta hawezi kutunga uongo wa kijinga namna hii," akasema.

"Na lile lori la langoni," mkubwa akasema polepole, "tutaandika lilikuwa la nani?"

Afisa alifunga faili yake. "Hiyo haiandikwi. Wala hii haiandikwi. Injini imekufa kwa uzee. Mfungue mtu wako." Akasimama, akavaa kofia, akatoka. Jioni lile lori lilishuka bila adeer.

Mkubwa hakunifukuza. Nilitamani anipigie kelele, hakupiga. Alinionyesha kitabu, ukurasa baada ya ukurasa. "Sasa sijui hata tiki ipi ni ya kweli," akasema. "Na nusu ni kosa langu. Nasema mambo matano kisha nauliza sawa. Nani atasema si sawa?" Tangu siku hiyo wa kisima alisema kwanza, sisi tukaitikia. Halafu mkubwa akatoa amri moja, wa kule akaieleza kwa mdomo wake mwenyewe, atafanya nini na kwa kifaa gani, ndipo inayofuata. Visima vilichukua muda mrefu zaidi, betri zikatusumbua, na kitabu kikawa na maandishi mengi, tiki chache.

Lakini mimi alinipa kazi nyingine kwanza. Msafara uliofuata ulikuwa na pistoni, ringi na madebe mawili ya oili, na akasema niende nao, nimshikie adeer spana, nikaone watu ninaowatafsiria. Adeer alipanda nyuma ya lori, akakaa juu ya debe moja. Mimi akanikalisha juu ya lingine. Askari alimwamuru ateremke, akae chini na wengine. Adeer alimsikiliza mpaka mwisho, hakuondoka.

Kule nilikuta foleni mbili, moja fupi kwenye kisima, ya waliokuwa bado wakingoja mashine, na nyingine ndefu ya boza. Vyombo vimepangwa kutoka mahali boza linaposimama mpaka nje ya uzio, madebe, vibuyu, sufuria, kila kimoja na jiwe au kitambaa cha kukitambulisha. Wenyewe wamekaa pembeni chini ya nguo walizotundika. Mbuzi wa adeer walikuwa wamebaki wanne. Mke wake, yule wa goti, alinitazama mumewe aliponitaja.

"Huyu ndiye wa redio?"

"Ndiye," akasema adeer.

"Mashine itapona lini?" akaniuliza.

Mdomo wangu ulikuwa umezoea kusema inshallah karibuni, hivi tunavyosema kazini, mtu aondoke ameridhika. Nikamwambia sijui. Nikamwambia pistoni ni mbili, tumeleta zote mbili, na kama ukuta wa ndani umekwaruzwa sana hazitafaa, itabidi injini nzima ije kutoka Nairobi, na hilo sijui ni lini. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaenda akaliondoa debe lake kwenye foleni ya kisima, akaliweka kwenye foleni ya boza.

Tulifanya kazi siku nne. Adeer alinituma kama utingo, na sikujibu. Ukuta ulikuwa umekwaruzwa, si sana. Siku ya nne, adhuhuri imekwisha kuswaliwa, akazungusha mkono wa injini mara tatu, ikakohoa moshi mweusi, ikashika. Maji yalikuja ya kutu kwanza, mekundu, halafu yakasafika.

Wanawake hawakushangilia. Waliinuka, wakaanza kuhamisha vyombo kutoka foleni ya boza kwenda foleni ya kisima.